Cherehani iliporuka mishono kwenye batiki

Wanafunzi wangu walipoanza kuunganisha vipande vya batiki tuliyoitia rangi wenyewe, cherehani ikawa inaruka mishono na kukata uzi. Tukabadilisha sindano, tukalegeza uzi wa juu, wapi! Nilipoipapasa sindano nikahisi utelezi: nta, ile tuliyopaka kitambaani ili rangi isiingie. Kuchemsha mara moja hakuitoi yote, hasa palipopakwa nene, na sindano ikipata moto huikusanya tunduni.

Nikavirudisha vitambaa kwenye maji yanayochemka yenye sabuni, nikikoroga na kuengua nta iliyoelea kabla haijaganda upya kitambaani. Vilipokauka, nikavipiga pasi katikati ya magazeti ya zamani (mapya huacha wino), nikibadilisha hadi gazeti likatoka bila doa. Nikafunga sindano mpya namba 14, mishono ikashikana vizuri.