Majibu yakija "hakuna kilichoota" msishangilie kwanza

Ukitaja utafiti wa bakteria wa mifugo wengi wanawaza kimeta au brusela, lakini mimi moyo wangu uko kwenye kiwele. Mastaitisi, yaani uvimbe wa kiwele, ndio ugonjwa unaomaliza antibiotiki nyingi kuliko yote kwa ng'ombe wa maziwa, na jibu linalonikosesha raha kuliko majibu mengine ni lile la sampuli ya maziwa kutoota kitu maabara, kwa sababu mfugaji akilipata anadhani ng'ombe kapona na kesho yake anamrudisha kundini.

Iko hivi. Kawaida kwenye sahani ya damu, yaani sahani yenye chakula cha kuoteshea bakteria kilichotiwa damu, tunapaka maziwa kidogo sana, mililita 0.01, halafu inaingia inkubeta, kabati la joto, nyuzi 37, unaangalia baada ya saa 24 na tena 48. Kwa kipimo hicho koloni moja tu (kidoa cha bakteria walioota pamoja) kwenye sahani maana yake kuna bakteria kama 100 kwenye kila mililita, sasa wakiwa chini ya hapo unaweza usione kitu kabisa na wamo. Na Staphylococcus aureus ndio bingwa wa kujificha, anaingia mpaka ndani ya seli za kiwele, anajijengea utando, anatoka kwenye maziwa kwa vipindi, leo wengi kesho hakuna, ndio maana ng'ombe unayemshuku sampuli moja haitoshi, rudia. Kuna maabara zinagandisha maziwa kwanza makusudi ili seli zipasuke na wale wa ndani watoke, ila ukigandisha E. koli wengine wanakufa kwahiyo lazima ujue unamtafuta nani.

Halafu kuna Mycoplasma, bakteria mwingine wa mastaitisi, huyu kwenye sahani ya kawaida hata umsubiri vipi haoti, anataka chakula chake maalum, hewa yenye kabonidayoksaidi ya kutosha na siku 7 hadi 10, na kwa vile hana ukuta wa seli penisilini haimfanyi chochote. Ukiona mastaitisi inaruka ng'ombe hadi ng'ombe, chuchu zaidi ya moja, dawa haishiki na sahani haina kitu, omba kabisa atafutwe huyo.

Msidhani vipimo vya jeni vimemaliza kazi. Mwaka 2011 watafiti Uingereza walitangaza Staphylococcus aureus kutoka kwenye maziwa ya ng'ombe, bakteria ambaye kwenye sahani alikuwa anaonyesha waziwazi usugu wa methisilini (antibiotiki ya jamii ya penisilini) lakini kipimo cha mecA, jeni inayoleta usugu huo, kinasema hasi, kumbe alibeba jeni ya jamii hiyohiyo iliyotofautiana, ikaja kuitwa mecC, na wakaikuta kwa binadamu pia. Kwangu mimi hiyo ndio sababu sahani siiachi.

Upande wa pili wa hasara ni uchafu. Zikiota aina tatu za bakteria na zaidi hiyo sampuli imechafuka, hairipotiwi, na mara nyingi imeharibikia kwenye kukamua. Mwaga michirizi ya kwanza, futa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, anza kusafisha chuchu za mbali umalizie za karibu, lakini wakati wa kuchukua sampuli geuza, anza na za karibu ili mkono usipite juu ya zilizosafishwa. Kichupa kishike kimelala, usikisimamishe chini ya kiwele vumbi na manyoya yakadondokea humo, halafu kiweke kwenye barafu moja kwa moja.

Na jamani mkituma andikeni ng'ombe ameshapewa dawa gani na lini, maana antibiotiki ikiwa bado imo kwenye maziwa inazuia bakteria kuota hapo hapo kwenye sahani, na sisi huku maabara bila hayo maelezo tunaandika hakuna kilichoota.