Daftari la maneno ya Scrabble: sasa niko kwenye Q

Haya wadau, apdeti ya lile daftari langu. Kwa wageni, ninachofanya ni kuokota maneno ya Kiingereza ambayo mtaani huyasikii hata siku moja ila kwenye Scrabble (ule mchezo wa kuchota herufi mfukoni na kuunda maneno ubaoni) yanakubalika, kila moja naliandikia maana kwa Kiswahili, basi. Listi ninayofuata ya maneno yanayoruhusiwa ni ya kamusi ya Collins, wanayotumia wengi nje ya Marekani na Kanada, kwa hiyo ukikutana na mtu wa kule kubalianeni listi kwanza kabla hamjagombana.

Ya herufi mbili nimeshayamaliza. QI ni nguvu ya uhai kwa Wachina, ZA ni piza wameikata kichwa, XU sarafu ya Vietnam, JO mpenzi kwa Waskoti, AA ni lava ya makwaruzo kule Hawaii. Hayo hayana stori, ni kukariri tu.

Utamu umeanza kwenye Q isiyo na U. Q iko moja tu mfukoni, ina pointi 10, watu wanaikimbia kwa sababu U hazionekani na ikikubakia mwisho wa gemu imekula kwako. Sasa cheki ukurasa wangu: QADI ni kadhi. TALAQ talaka. WAQF wakfu. QIBLA kibla. NIQAB nikabu, FAQIR fakiri. Yaani mtoto aliyesoma madrasa Tanga au Lamu anayajua yote haya tangu mdogo, ni spelingi tu, sisi tunaandika K wao wanafuata ile qaf ya Kiarabu. Mzungu anakesha kukariri WAQF, pointi 19 kabla hata hujagusa rangi za ubao zinazozidisha pointi, wewe unaiona hivi hivi. Na QADI ukiipangua unapata QAID, chifu wa Afrika Kaskazini, kwa hiyo moja ikikosa pa kukaa unajaribu nyingine.

Miraa ndo imenichekesha. Inakubalika kwa spelingi tatu, KAT, KHAT na QAT, pointi 7, 11 na 12, uchague mwenyewe kulingana na ulichoshika.

Halafu kuna ya kwetu kabisa: MZEE, DUKA, SHAMBA, KANZU, UGALI, MATATU, UJAMAA. Wingi wanabandika S tu, DUKAS, SHAMBAS, mwalimu wa Kiswahili asione. UJAMAA naipenda kwa sababu inamaliza A tatu kwa mpigo na J inakulipa. UHURU pia ni dawa ya kibao chako cha kupangia herufi kikijaa U, ingawa tuseme ukweli, U ziko nne tu mfukoni na UHURU inataka tatu, ukiipata hiyo siku cheza na bahati nasibu kabisa.

Mshkaji wangu mmoja ananiambia maana ni kupoteza muda, kariri herufi songa mbele, na mfano wake ni Nigel Richards wa New Zealand, aliyebeba ubingwa wa Kifaransa 2015 na Kifaransa chenyewe haongei. Sawa, lakini huyo ni Nigel. Mimi neno lisilo na maana likilala usiku mmoja asubuhi halipo. Mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria alichukua ubingwa wa dunia wa Kiingereza, Mwafrika wa kwanza, na Wanaijeria wanasifika kwa kupenda maneno mafupi yanayobana ubao kuliko kuwinda marefu ya kuvimba, so hata hili daftari nimeamua yasiyozidi herufi tano ndo yatangulie.

Yanayofuata ni yale yasiyo na vokali. CWM ni bonde, imetoka Wales, hiyo imeingia kirahisi. CRWTH nimeiandikia “zeze la Wales” ila kila nikiipanga mkono unatafuta Y, mwenye ujanja wa kuikumbuka aniambie.