Doh Kushoto, Re Kulia

Nilipanda basi lile kama mlezi tu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vichwa: watoto kumi na mmoja wa kundi la kengele za mkononi la kanisa letu hapa Marekani, binti yangu akiwemo. Kengele zenyewe sikuwahi kuzigusa.

Philadelphia tulianza na Kengele ya Uhuru, kilo 940 hivi, na ule ufa wake. Ilitengenezwa kiwanda cha Whitechapel, London, mwaka 1752, ikapasuka ilipojaribiwa, ikabidi mafundi wa mjini, Pass na Stow, waiyeyushe na kuisubu upya; ufa unaoonekana leo ulikuja baadaye. Kiwanda hichohicho, akasema mwalimu wao, kilimzawadia Margaret Nichols, mpiga kengele wa Boston, seti ya kengele za mkononi mwaka 1902. Watoto hawakujali sana. Walikuwa wakibishana nani angeweza kuizima ile, maana kengele ya mkononi huzimwa kwa kuigusisha begani.

Mchana wakashindana kupanda zile ngazi 72 za jumba la sanaa. Mvulana mmoja akateleza, akaangukia kiganja. Mkono ukavimba. Kliniki wakasema haujavunjika, lakini wakaufunga bandeji.

Kwenye kwaya ya kawaida mmoja akiugua wenzake wanamfunika. Hapa kila kengele hutoa noti moja tu, na kila mtu ameshika za kwake; akiondoka anaondoka nazo, na wimbo unabaki na mapengo. Saa kumi na mbili tulikuwa tunasubiriwa kwenye nyumba ya wazee. Mwalimu akanitazama. Nikasema sijui kusoma ile mistari na vitone vya muziki wao. Mimi nimelelewa na kwaya ya usharika Moshi, tunasoma doh, re, mi.

"Mama, basi sema doh ni nini," binti yangu akasema.

Doh ilikuwa ile noti wanayoiita F. Jirani za yule mvulana wakagawana kengele zake nyingine, mimi nikaachiwa mbili: F kushoto, G kulia. Doh na re! Wakanizungushia noti zangu kwa kalamu, za bluu za kushoto, nyekundu za kulia. Tukafanya mazoezi kwenye maegesho, mimi nikirusha mikono mitupu hewani huku dereva akicheka. Ugumu haukuwa kupiga. Ulikuwa kungoja. Unahesabu mapigo kumi na manne, unapiga moja, unaanza kuhesabu tena.

Jioni nikavaa glavu, kwa sababu jasho huifubaza shaba, nikasimama nyuma ya meza iliyotandikwa sponji. Yule mvulana akakaa kando yangu akinifunulia kurasa kwa mkono mzima. Wimbo wa kwanza ukapita salama. Wa pili, doh ilihama katikati ya wimbo, ile F yangu ikageuka so, nami nikapotea kabisa. Nikaacha kuimba moyoni, nikafuata rangi tu, nyekundu, bluu, bluu. Kisha wote wakanyamaza pamoja, kimya kilichoandikwa, na ndani ya kimya hicho mkono wangu wa kulia ukapiga G. Ikalia vizuri sana, peke yake. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akapiga makofi.

Usiku tulizirudisha kengele kwenye makasha, 37 zote, halafu nikahesabu watoto. Glavu zilikuwa zimelowa chapachapa.

"Mama," binti yangu akaninong'oneza ndani ya basi, "mwalimu anauliza kama kesho utaweza tena. Ila ile moja ya ziada uiache."