NavIC ya India: setilaiti saba na saa zilizogoma

Tumezoea kuita "GPS" kila kinachotuonyesha mahali kwenye simu. GPS ni ya Marekani. Urusi wana GLONASS, Ulaya Galileo, China BeiDou, na zote nne zinahudumia dunia nzima. Mifumo ya kanda ni miwili tu: QZSS ya Japani, iliyojengwa hasa kuipiga jeki GPS katikati ya maghorofa, na NavIC ya India, iliyokusudiwa kusimama yenyewe hata GPS ikizimwa. Huko India husimuliwa sana kwamba wakati wa vita vya Kargil kati ya India na Pakistan mwaka 1999 jeshi lao liliomba data za GPS likanyimwa. Serikali iliidhinisha mradi mwaka 2006.

Mfumo wa kanda ni nafuu kwa sababu ya hesabu za mzingo, yaani njia ambayo setilaiti hupita kuizunguka dunia. Setilaiti ya GPS huzunguka dunia kwa saa 12 hivi, kwa hiyo zinahitajika angalau 24 ili kila mahali pasikose. India ilipanga setilaiti 7 kwenye kimo cha kilomita 36,000 hivi, ambako setilaiti huzunguka sambamba na dunia inavyojizungusha. Tatu zinaonekana zimesimama juu ya ikweta, na nne mizingo yake imeinama nyuzi 29, kwa hiyo zinachora umbo la namba 8 angani: mbili zikivuka ikweta kwenye nyuzi 55 mashariki, mbili kwenye 111.75.

Eneo la huduma ya ziada la NavIC, nje ya eneo lake kuu, linaanzia nyuzi 30 mashariki, kwa hiyo Dar es Salaam na Mombasa zimo. Lakini kuwemo kwenye ramani si kuona setilaiti zote. Ukiwa Dar, ile ya juu ya ikweta iliyopangiwa nyuzi 32.5 mashariki iko karibu na utosi, na za nyuzi 55 ziko juu vizuri. Za 111.75 zinapovuka ikweta zinachungulia nyuzi 9 tu juu ya upeo wa macho. Jengo moja au mwembe unatosha kuzificha. Ya 129.5, nayo ya juu ya ikweta, haionekani kabisa. Kwa hiyo kwetu NavIC ni nyongeza juu ya GPS, basi.

Kilichoiumiza NavIC ni saa. Kipokezi hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani, na saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, kipimo cha umbali kinakosea mita 300. Kila setilaiti ilibeba saa tatu za atomiki za rubidi zilizonunuliwa Ulaya. Kwenye setilaiti ya kwanza, iliyorushwa Julai 2013, zote tatu zilikufa. Mbadala wake ulirushwa Agosti 2017, ganda la roketi la kukinga joto likagoma kufunguka, setilaiti ikabaki imefungiwa ndani. NVS-01 ya Mei 2023, setilaiti ya kizazi kipya cha NavIC, ndiyo ya kwanza kubeba saa iliyotengenezwa India. NVS-02 ikafuata Januari 2025, vali ya injini yake haikufunguka, haikufika kwenye mzingo wake. Julai 2025 bunge la India liliambiwa kwamba setilaiti zinazotoa huduma ya mahali ni nne. Nne ndicho kima cha chini: tatu za kupata mahali na kimo, ya nne kurekebisha saa ya kipokezi chako. Hakukuwa na akiba. Kwa maoni yangu, nchi isiyotengeneza saa zake bado imepanga kwenye nyumba ya mtu.

Kuangalia kama simu yako inaipata, weka programu ya GPSTest kwenye Android, toka nje penye anga wazi, subiri dakika mbili tatu, utafute bendera ya India kwenye orodha. Tazama safu ya C/N0, yaani nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele: 35 kwenda juu ni mawimbi mazuri, chini ya 20 hayana msaada. Bendera isipotokea, mara nyingi tatizo ni chipu. Setilaiti za zamani hutangaza kwenye masafa ya L5 (megahezi 1176.45) na bendi ya S, wakati simu nyingi za bei nafuu husikia L1 pekee, masafa ya kawaida ya GPS. NVS-01 ndiyo iliyoongeza L1.

Ukinunua simu, ulizia yenye L1 na L5 pamoja, hata kama NavIC haikuhusu. Karibu na ikweta ayonosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, huvurugika sana, hasa baada ya jua kuzama, na huchelewesha mawimbi. Kipokezi chenye masafa mawili hulinganisha ucheleweshaji na kuuondoa; chenye moja hukisia tu.