Siku Moja Maishani Mwangu: Kumshusha Juanito Ukutani

Saa mbili asubuhi. Nanawa mikono kwa sabuni, naikausha barabara. Karatasi ya mwaka 1816 naishika bila glavu, maana vidole visipohisi, huchanika kabla hujajua. Kazi yangu ni kutunza chapa za zamani, yaani picha zilizochapwa kwa bamba la shaba, kwenye jumba la makumbusho hapa Madrid.

Saa nne. Kundi la mwisho la wanafunzi. Leo maonyesho yanafungwa: mwanga hula karatasi, hata ukiwa hafifu. Mtoto mmoja kagoma kuondoka mbele ya chapa namba 20 ya *La Tauromaquia*, mfululizo wa mchoraji wa Hispania Francisco de Goya kuhusu mchezo wa fahali, wenye chapa 33. Mcheza fahali Juanito Apiñani amejirusha kwa mti mrefu kama upondo wa dau, miguu iko hewani, fahali anapita chini yake. “Ataangukia wapi?” ananiuliza. Nachuchumaa, tunatafuta pamoja. Goya hakuchora pa kutua. Uzito wote wa mtu umo mikononi, na uwanja karibu wote ni mtupu.

Mimi ni mtoto wa Pemba. Mchezo wa ng'ombe nimeukulia, na huko ng'ombe hauawi. Nikimwona Juanito masikio yangu hujaa ngoma na vigelegele. Goya alipochora haya alikuwa anakaribia miaka 70, naye alikuwa kiziwi kwa zaidi ya miaka 20. Hilo hunigusa kila mara: mwendo wote ule kautoa kwa macho na kumbukumbu.

Saa saba. Fremu zimeshuka. Namulika karatasi kwa tochi kutoka ubavuni, naona ukingo wa bamba la shaba ulivyoididimiza. Mistari aliichora kwa sindano juu ya nta, tindikali ikala shaba. Vivuli ni vumbi la utomvu mkavu lililopashwa moto likashika bamba, tindikali ikapenya katikati ya chembe. Palipo peupe kabisa ni karatasi yenyewe.

Saa kumi. Juanito yumo kwenye sanduku, gizani. Mkononi nina namba 21: fahali keshaingia kwenye jukwaa la watazamaji, kasimama na meya wa Torrejón, mji jirani na Madrid, kamtundika kwenye pembe zake. Watu wamerundikana kulia wakikimbia, kushoto viti vitupu. Naiweka juu ya namba 20, karatasi laini katikati.