Mstari mweupe wa kwezi

Juzi fundi viatu wa pale kona alimaliza kunishonea sandali, akawasha kiberiti, akachoma ncha ya uzi wa nailoni na kuibonyeza kwa dole gumba. Harufu ile tu, nikawa nimeshafika Mto wa Mbu, nyuma ya kibanda cha yeyo, yule mama wa Kimaasai aliyenifundisha, mwaka nilioacha kazi ya hoteli.

Kutunga shanga nilikuwa najua. Nilichokifuata kwa yeyo ni kushona shanga juu ya ngozi, na kichwani nilikwenda na langu: bangili ya rangi za ndege kwezi. Ukikaa kula popote jirani na hifadhi ya Manyara, kwezi huja mwenyewe kudokoa makombo. Mgongo na kifua ni bluu inayong'aa hadi inageuka kijani, tumbo rangi ya kutu, na katikati mstari mweupe mwembamba, kama umepigwa kwa kalamu. Nikashona hivyo hivyo: mizunguko ya bluu, mmoja mweupe, kisha ya kutu.

Yeyo akaipokea, akanyoosha mkono kuiweka mbali, akafinya macho.

"Hii haijakatwa, binti."

"Imekatwa, yeyo. Huo mweupe unaotenga rangi huuoni?"

"Mimi nauona, nimeishika. Mtu wa kule je?" Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, mama mmoja wa Kimaasai akishuka kwenye gari. Shanga zake za shingoni ungeweza kuzihesabu rangi ukiwa umekaa pale pale: nyekundu, nyeupe, bluu, kila moja imesimama peke yake.

Nikamwambia ndege mwenyewe ndivyo alivyo.

"Ndege havaliwi," akasema, akavuta kipande kingine cha ngozi.

Shanga alizimwaga kwenye kifuniko cha kopo. Alikuwa anachota kwa ncha ya sindano bila kutazama, anaongea na jirani kwa Kimaasai, sindano inatoka na shanga nne, tano. Za Kichina hazilingani, moja nene, moja bapa, nyingine tundu limeziba. Mbovu aliitambua kwa kidole na kuitupa pembeni, kuku akaikimbilia kila mara akidhani ni punje. Kila baada ya shanga chache sindano ilizama kwenye ngozi na kurudi juu. Alipofika kwenye nyeupe, akashona mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Nilitaka kusema kitu, nikameza. Akafunga fundo, akachoma uzi, akaziweka bangili zote mbili juu ya mchanga, akaniambia nisogee hadi kwenye mgomba.

Kutoka pale, yangu ilikuwa kitu cheusi-cheusi tu. Yake alikuwa kwezi. Niliporudi na kuishika mkononi, sikumwona tena ndege, niliona mistari.

Watalii huniuliza kama shanga zenyewe ni za asili ya hapa. Nawajibu ni kioo. Nzuri zinatoka Ucheki, na hata za mababu zililetwa na misafara kutoka pwani. Cha hapa ni mpangilio. Huwa nalisema hilo kwa kujiamini sana, huku nikijua kwamba siku ile mpangilio huo ndio nilioukataa.

Ya yeyo ilinunuliwa jioni ile ile, na mtu aliyesimamisha gari baada ya kuiona akiwa barabarani. Yangu niliivaa mwenyewe mpaka uzi ukakatika. Waliokaa nami meza moja waliisifu, na mmoja alimtaja kwezi bila kuambiwa.

Siku hizi natia mizunguko miwili myeupe. Ndege hana miwili, na yeyo akiiona najua atanyoosha mkono na kufinya macho, lakini wateja hawajalalamika.