Wazururaji na wakaaji: kumbukumbu ya mradi wangu wa inzi wa matunda

Wiki ya 1

Nimeanza. Chupa sita za kioo zenye midomo iliyozibwa kwa pamba, na ndani yake uji mzito wa unga wa mahindi, sukari, hamira na aga, yaani jeli ya mwani inayougandisha. Inzi nimewanasa kwa ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kila chupa nimeianzisha kwa jike mmoja tu, kisha watoto wake wa kiume nikawaangalia kwa hadubini sehemu ya nyuma kabisa ya tumbo, kwa sababu Drosophila melanogaster, ninayemtaka, na Drosophila simulans, nisiyemtaka, wanafanana mno, na tofauti iliyo wazi iko kwenye viungo vya uzazi vya dume. Chupa mbili nimezitoa. Zimebaki nne.

Ninachotaka kukiona kwa macho yangu ni hiki: jeni moja inaamua buu atembee umbali gani akiwa juu ya chakula. Jeni yenyewe inaitwa foraging, yaani kutafuta chakula, na kwa kifupi huandikwa for. Marla Sokolowski alianza kuifuatilia akiwa bado mwanafunzi huko Toronto, Kanada, na mwaka 1980 akachapisha matokeo yake. Aliona mabuu wengine wakiwekwa kwenye hamira hutambaa masafa marefu, huku wenzao wakila papo hapo walipowekwa. Wa kwanza mimi nawaita wazururaji, wa pili wakaaji.

Wiki ya 3

Kipimo cha kwanza. Nimeandaa visahani vya aga na kuvipaka uji mwepesi wa hamira, utando mwembamba kiasi kwamba mwanga unapenya. Mabuu nimewachukua saa 96 baada ya kuanguliwa, nikawaosha kwa maji, nikamweka kila mmoja peke yake katikati ya kisahani kwa brashi ya kuchorea. Dakika 5 kwa saa ya mkononi. Baada ya hapo unafunika kisahani kwa plastiki angavu, unachora njia aliyopita, unalaza uzi juu ya mchoro na kuupima kwa rula.

Naomba nieleze vizuri nilichokiona kwenye lenzi, maana sikukitarajia. Buu ana kulabu mbili nyeusi mdomoni. Anazichomeka kwenye hamira, anavuta, na mwili mzima unafuata kwa wimbi linaloanzia mkiani. Yule wa tatu alichomeka na kuvuta pale pale, akageuza kichwa kushoto, akachomeka tena. Mpaka dakika 5 zinaisha alikuwa amechora kifundo kidogo kama herufi iliyokosewa ikaandikwa upya juu yake yenyewe. Yule wa nne alikula mara mbili tatu, akainua kichwa, akaondoka. Njia yake ilikwenda hadi ukingoni, ikafuata ukingo, ikarudi ndani. Wote wawili walikuwa wametoka chupa moja, siku moja.

Niliwapima pia kwenye aga tupu isiyo na hamira, na hapo sikuweza kuwatenganisha. Wote walitambaa. Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote: mkaaji si mvivu wala mgonjwa. Miguu hana, lakini mwendo anao. Tofauti inajitokeza pale tu kunapokuwa na chakula chini yake.

Wiki ya 5

Kuchagua. Kila buu aliyepimwa anakwenda kwenye kichupa chake, anageuka pupa, na akitoka nakuwa najua historia yake. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi safari kutoka yai hadi inzi kamili inachukua kama siku 10. Kazi ngumu ni kuwapata majike ambao hawajapandwa: inabidi uwatenge ndani ya saa 8 hivi tangu watoke kwenye pupa. Nimekuwa nikiamka usiku kwa ajili yao.

Wakaaji nimewapata upesi. Wazururaji wananisumbua, na sababu iko kwenye urithi wenyewe. Kila inzi ana nakala mbili za jeni, na nakala ya uzururaji hufunika ile ya ukaaji. Kwa hiyo mkaaji lazima awe na nakala mbili za ukaaji, wakati mzururaji anaweza kuwa ameficha moja. Ndiyo maana wakaaji wanatokea tena na tena kwenye chupa niliyodhani imesafishwa. Porini wazururaji ni kama asilimia 70 na wakaaji asilimia 30, na sasa naelewa kwa nini hao asilimia 30 hawakauki.

Wiki ya 8

Wiki mbaya. Chupa ya wazururaji, vizazi vitatu vya kuchagua, nimepima mabuu 20 na karibu wote wamekaa. Vifundo tu, kifundo baada ya kifundo. Nilidhani nimechanganya lebo. Nikadhani jike mmoja alipandwa kabla sijamtenga. Nikarudia na wengine 20, hali ile ile.

Siku ya tatu ndipo nilipoitazama chupa yenyewe badala ya daftari. Mabuu walikuwa wamejaa hadi wanapanda kuta, uji umekuwa maji ya kijivu, hakuna tena cha kula. Walikuwa na njaa. Na hili limeshaandikwa tangu zamani: mnyime mzururaji chakula kwa muda mfupi, umrudishe kwenye hamira, naye atatulia na kula kama mkaaji. Nilikuwa nimelisoma, halafu nikalipita.

Nimewahamishia ndugu zao kwenye uji mpya, 30 tu kwa chupa, nikapima tena. Wanatambaa. Njia ndefu zimerudi kwenye plastiki zangu, na nimezibandika ukutani.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari nimelifuta neno "inaamua". Mwaka 1997 ilijulikana kwamba for ina maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoitwa PKG, na kwamba wazururaji wana utendaji mkubwa kidogo wa kimeng'enya hicho kuliko wakaaji. Kidogo, si mara kumi. Kimeng'enya hiki kinabandika fosfeti kwenye protini nyingine na hivyo kubadili kazi zake, na njaa nayo inagusa mfumo huo huo. Jeni inasogeza mizani. Tumbo nalo lina uzito wake.

Wiki ya 9

Nimetumia muda kwenye upande wa kukua. Wazururaji hula kidogo kuliko wakaaji, lakini hufyonza glukosi vizuri zaidi kutoka kwenye kile kidogo wanachokula. Watafiti walioongeza na kupunguza nakala za jeni hii waliona mambo yakifuatana: PKG ikizidi, buu hutembea zaidi, hula kidogo na huweka mafuta kidogo; ikipungua, kinyume chake. Jeni ni moja, lakini ina promota nne, yaani sehemu nne ambako usomaji wake unaweza kuanzia, kwa hiyo inaweza kusomwa kwa namna tofauti katika sehemu tofauti za mwili. Kwa nyuki wa asali pia ipo, na mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba huongezeka kazi nyuki anapoacha kulea mzingani na kuanza kwenda kutafuta chakula nje.

Kuna jambo jingine lililonifanya nibadili ratiba ya chupa. Inzi wakifugwa kwa msongamano vizazi vingi, wazururaji huzidi. Wakifugwa kwa nafasi, wakaaji huzidi. Na kwenye chakula duni, aina iliyo chache ndiyo inayonufaika. Maana yake chupa zangu zilizojaa zilikuwa zikichagua kwa niaba yangu. Tangu sasa nahesabu mayai.

Wiki ya 11

Nimepandanisha majike wakaaji na madume wazururaji, na kinyume chake. Watoto wa kwanza wamepimwa: wanatambaa, pande zote mbili, kama inavyotakiwa nakala moja inapoifunika nyingine. Mwendo huguswa na jeni nyingi, na mimi napima njia, sisomi DNA, kwa hiyo kipimo halisi kwangu ni wajukuu. Ikiwa ninachokifuata ni jeni moja, mmoja katika kila wanne arudi kuwa mkaaji.

Mayai yametagwa juzi usiku. Chupa nane, mayai 30 kila moja, uji mpya. Asubuhi hii kwenye chupa ya pili nimeona buu wa kwanza akitoka ganda, mweupe, mwembamba kuliko uzi wangu wa kupimia.